Alphard inakula ngapi? Hesabu ya wese na gharama za gari kubwa la familia

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, mazungumzo ya magari huanza upya. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, gereji, na pale sheli watu wakisubiri zamu yao, swali ni lile lile: "Hiyo Alphard yako inakula ngapi?" Mmoja atasema yake inakwenda kilomita 11 kwa lita. Mwingine ataapa kuwa yake haijawahi kuvuka 5. Wa tatu atawaambia wote wawili waache uongo. Na yule aliyekuwa anajikusanya anunue gari la kubeba watoto wanne, bibi yao na mabegi, anabaki hajui amwamini nani.

Wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Gari moja, dereva mmoja, linaweza kwenda kilomita 5 kwa lita Jumatatu asubuhi na kilomita 10 Jumamosi. Mtu akishaelewa kwa nini inakuwa hivyo, hasumbuliwi tena na maneno ya kijiweni, na anaweza kujipigia hesabu yake kabla ya kutoa fedha yake. Ndiyo kazi ya makala hii.

Nitatumia Alphard ya kizazi cha pili, zile za 2008 hadi 2015, kwa sababu ndizo zinazobishaniwa sana mitaani. Zipo za injini ya lita 2.4 yenye mitungi minne, 2AZ-FE, na zipo za V6, yaani mitungi sita, ya lita 3.5, 2GR-FE. Mwenye Estima, Kluger, Noah au Prado ya petroli asijione ametengwa. Hesabu ni zile zile, zinabadilika tarakimu tu. Na kwa wepesi wa kuhesabu, petroli tuifanye shilingi 3,000 kwa lita. Bei ya mwezi wako ikiwa juu au chini ya hapo, rekebisha.

Tuanze na maneno yenyewe, maana ugomvi mwingi unatokana na watu kutumia neno moja kwa mambo mawili. Ulaji wa mafuta ni kiasi cha petroli ambacho gari linatumia kwa umbali fulani. Gharama ya kuendesha ni fedha yote inayokutoka kwa sababu unalo gari hilo: petroli, oili, matairi, bima, vipuri, na thamani inayopungua kila mwaka. Gari linaweza kuwa na ulaji mkubwa na bado likawa nafuu kwako kwa jumla, na linaweza kuwa na ulaji mdogo likakumaliza gereji.

Ulaji nao unapimwa kwa njia mbili. Wajapani na sisi tunasema kilomita kwa lita. Wazungu wa Ulaya wanageuza, wanasema lita kwa kilomita 100. Inaonekana ni kitu kimoja kilichogeuzwa juu chini, lakini namna yetu ina mtego. Chukua mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari lake likitoka kilomita 5 kwa lita likawa 6, ametoka lita 200 hadi 167. Ameokoa lita 33, karibu shilingi 100,000. Mwenzake ametoka 11 hadi 12 kwa umbali ule ule. Naye amepata kilomita moja zaidi kwa lita, lakini akiba yake haifiki lita 8, kama shilingi 23,000 tu. Kilomita moja ya mwenye gari linalokula sana ina thamani mara nne ya ile ya mwenye gari dogo. Kwa hiyo mwenye Alphard asidharau kurekebisha kitu kinachompa kilomita moja tu. Kwake hiyo ni ada ya gari la shule.

Sasa mafuta yanakwenda wapi?

Mtazame msukuma mkokoteni pale Kariakoo, Dar es Salaam, amepakia mifuko ya saruji. Jasho linamtoka wakati wa kuuanza mwendo. Ukishashika kasi, anausukuma kwa mkono mmoja na anapiga soga. Bodaboda ikimkatizia mbele, anakita miguu, mkokoteni unasimama, na nguvu yote aliyoitia inapotea pale pale. Akitaka kuendelea anaanza upya. Ukitaka kumchosha, usimwongezee umbali. Msimamishe mara nyingi.

Gari ni hivyo hivyo. Alphard tupu ni karibu tani 1.9. Weka baba, mama na watoto watatu, inavuka tani 2. Kuitoa kwenye kusimama hadi kilomita 50 kwa saa kunahitaji nishati ambayo injini, kwa kuwa inageuza takriban robo tu ya petroli kuwa mwendo na iliyobaki inatoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi, inaipata kwa kuchoma mililita 25 hadi 35 hivi. Ni vijiko viwili vya chakula. Kwa bei yetu, kama shilingi 90. Ukikanyaga breki kwenye taa inayofuata, zile shilingi 90 zimegeuka joto kwenye pedi na diski, hazirudi. Fanya hivyo mara 40 kati ya Tegeta na Posta, lita moja na ushee imekwenda kwa kuanza na kusimama peke yake, kabla hujahesabu chochote kingine.

Gari dogo kama IST, likiwa na watu wawili, lina nusu ya uzito huo. Linapofanya kitendo kile kile linapoteza nusu. Hapo ndipo gari kubwa linapoumia kweli: kwenye kuanza na kusimama, ambako uzito unatozwa kila mara. Ukubwa wa injini watu wanaulaumu sana, na una sehemu yake, lakini uzito mjini ndio baba wa ulaji.

Halafu kuna kusimama kwenyewe. Gari likiwa sailensa, injini inanguruma na magurudumu hayaendi, ulaji wake ni kilomita sifuri kwa lita. Injini ya lita 2.4 ikiwa katika hali hiyo na AC imewashwa hutumia lita moja na kitu kwa saa. Tuseme lita 1.2. Ikiwa kati ya muda wako wote wa barabarani kwa siku kuna saa moja na nusu ya kusimama tu, kwenye makutano ya Mwenge na Morocco, na pale mbele ya geti la shule, hiyo ni lita 1.8. Kwa siku 22 za kazi ni karibu lita 40, karibu shilingi 120,000 kwa mwezi, na gari halijasogea hata hatua moja. Huu ndio ulaji ambao hakuna anayeutaja akiuza gari, na hauonekani kwenye karatasi yoyote kutoka Japani.

Ndiyo maana Alphard ya 2.4 yenye afya nzuri, kwenye foleni za Dar es Salaam, kwa kawaida hucheza kati ya kilomita 5 na 7 kwa lita. Yule aliyeapa kuwa yake haivuki 5 pengine anaishi mbali, anatoka nyumbani saa 12 asubuhi na foleni inamkuta hapo hapo.

Itoe sasa mjini. Umepita Kibaha, umepita Mlandizi, barabara imefunguka. Mkokoteni umeshika mwendo. Uzito haukutozi tena kila dakika, na sasa anayekudai ni upepo. Alphard ina kimo cha mita 1.9 hivi na upana wa mita 1.83; ni ukuta unaosukumwa hewani. Toa mkono dirishani gari likiwa kwenye 40, kisha utoe tena likiwa kwenye 100, mkono wako utakueleza yote. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 80 hadi 100 inazidi mara moja na nusu. Kutoka 80 hadi 120 inazidi mara mbili na robo. Anayekwenda na 80 hadi 90 kwa utulivu ataona 10 au hata 11 kwa lita. Anayekwenda na 120, halafu anakanyaga breki kila akifika kwenye kibao cha 50 na kukanyaga tena mafuta akikipita kijiji, atashangaa kuona 8. Amelipia upepo, na amelipia mkokoteni pia.

Kwa hiyo yule wa 11 na yule wa 5 walikuwa wanaelezea barabara zao, kila mmoja akidhani anaelezea gari.

Na ile namba ya Japani?

Ukifungua tangazo la gari, mara nyingi utakuta limeandikwa kilomita 11 na kitu kwa lita kwa Alphard ya 2.4. Namba hiyo haijatungwa. Imetoka kwenye kipimo rasmi cha Japani cha zama hizo, kinachoitwa 10-15. Gari linawekwa ndani ya jengo, magurudumu yanazungukia juu ya roli, yaani mapipa ya chuma yanayozunguka, injini imeshapashwa moto, AC imezimwa. Kipimo chenyewe kinachukua dakika 11, umbali wa kilomita 4 na kidogo, na mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Hakuna mlima, hakuna shimo, hakuna mtoto anayelilia AC. Baadaye kilikuja kipimo cha JC08, kirefu zaidi na kinachofika kilomita 81.6 kwa saa, na kutoka 2011 ndicho kilichotumika kwenye magari mapya huko. Nacho bado kilikuwa cha upole.

Kwa hiyo itumie namba hiyo kwa kazi moja tu: kulinganisha gari na gari. Ikiwa gari moja limepimwa 11 na jingine 16 kwa kipimo kile kile, la pili kweli linakula kidogo. Ila usipange bajeti ya mwezi kwa namba ya roli. Ukitaka makisio ya Dar, kata karibu nusu. Ukitaka ya safari ya mkoani kwa mwendo wa kistaarabu, kata kidogo.

Vipi kuhusu V6? Ina nguvu tele na ni tulivu, na milima kama ya Lushoto inaipanda bila kulalamika. Mjini inakula zaidi ya 2.4, hilo halina ubishi, kwa sababu injini kubwa ikiwa sailensa ina mitungi sita ya kulisha badala ya minne. Njia kuu tofauti inapungua, maana upepo unaoisukuma ni ule ule na mwili wa gari ni ule ule. Kama maisha yako ni ya foleni siku tano kwa wiki, V6 utaisikia mfukoni. Zipo pia Alphard za haibridi, ambazo hurudisha sehemu ya zile shilingi 90 kwenye betri kila unapokanyaga breki, na huzima injini kwenye foleni. Kwa mtu wa mjini hilo ni jibu la kweli. Sharti lake ni betri kubwa iliyo hai, na gari la zaidi ya miaka kumi hulinunui kabla betri hiyo haijapimwa na fundi anayeijua.

Maneno ya kijiweni ni mengi, nitagusa yale yanayowagharimu watu fedha au usalama.

La kwanza ni la kuweka gia kwenye N (gia huru) kwenye mteremko "ili kuokoa mafuta". Hili lilikuwa na mantiki kwenye magari ya kabureta. Gari la sindano za umeme, ukiachia pedali ya mafuta ukiwa kwenye D na gari linateremka kwa mwendo wake, kompyuta inakata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N injini inahitaji petroli ili isizime. Kwa maneno mengine unatumia mafuta zaidi, na umejinyima msaada wa injini kupunguza mwendo. Gari la tani 2 lenye familia ndani, kwenye mteremko wa Kitonga au Sekenke, breki zikipata moto hakuna akiba yoyote itakayofaa kitu. Hili nawasihi sana madereva wenzangu waliache.

La pili ni la themostati. Gari likichemsha mara moja, fundi anaing'oa na kukwambia "nchi yetu ni ya joto, hii ni ya Japani". Themostati kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inakaa na baridi muda mrefu, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza petroli. Nimeona watu wakibadilisha plagi, wakasafisha nozeli, wakabadilisha pampu, kumbe tatizo ni kifaa kidogo cha bei ndogo kilichotupwa miaka miwili nyuma. Kama gari lilichemsha, tafuta chanzo: rejeta, feni, pampu ya maji.

La tatu ni masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi. Masega yaliyoziba hunyonga injini na ulaji hupanda, kweli. Masega mazima hayakupunguzii chochote, na ukiyatoa unaachia moshi mchafu kwa watoto wa mtaani kwako na taa ya injini kwenye dashibodi. Anayekushawishi uyatoe mara nyingi ana mnunuzi wake anayemsubiri.

Kujaza asubuhi ili "upate mengi" ni jambo dogo kuliko linavyosemwa. Petroli hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa lita 60 na tofauti ya nyuzi 3 unazungumzia chini ya robo lita. Na matangi ya vituo yako chini ya ardhi ambako joto halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Ukiingia foleni ya asubuhi ili uikamate robo lita hiyo, umeshaichoma.

AC inakula, ndiyo, na mjini utaiona. Lakini kwenye njia kuu, kufungua vioo vyote kwenye 100 kunaliongezea gari mzigo wa upepo, kwa hiyo akiba yake ni ndogo au haipo. Matairi yenye upepo pungufu ni adui wa kweli zaidi, na tiba yake ni dakika tano. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisome hicho, usimwachie kijana wa pancha akisie kwa kupiga tairi teke.

Sasa tuje kwenye gharama nzima, maana hapa ndipo familia nyingi hujikuta zimebanwa bila kujua nani kawabana.

Tuchukue Alphard iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 35, inayotembea kilomita 15,000 kwa mwaka, mchanganyiko wa mjini na safari, wastani wa 7 kwa lita. Ni mfano wangu, weka namba zako. Petroli inatoka karibu shilingi 430 kwa kila kilomita. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT ni karibu milioni 1.45 kwa mwaka, sawa na shilingi 96 kwa kilomita. Sevisi ya oili na chujio, tuseme 200,000 kila kilomita 5,000, ni shilingi 40. Seti ya matairi ya 800,000 yanayodumu kilomita 40,000 ni shilingi 20. Bushi, boljointi, shokapu na pedi, kwa barabara zetu, tuweke shilingi 50. Thamani ikishuka milioni 3 kwa mwaka, hiyo ni shilingi 200 kwa kila kilomita, ingawa hakuna anayekuja kukudai.

Jumla ni kama shilingi 835 kwa kilomita. Wese tunalolipigia kelele kila mwezi ni nusu tu ya hapo.

Angalia tena hizo namba. Bima na kushuka thamani havijali umeendesha kiasi gani. Ukiliegesha gari miezi sita "kubana matumizi", petroli umeokoa, lakini milioni zile nyingine zinaendelea kutoka gari likiwa limelala. Anayetembea kilomita 5,000 tu kwa mwaka na gari hilo analipa kwa vitu hivyo viwili pekee karibu shilingi 890 kwa kilomita, kabla hajatia tone la mafuta. Kwake yeye tatizo halikuwa ulaji kamwe. Tatizo ni kumiliki gari la milioni 35 kwa kazi ambayo pengine gari la kukodi lingeifanya. Ukitaka kushusha mzigo huo, bima ndogo ipo, na kwa gari binafsi ni nafuu sana, lakini likiibiwa au likiungua ni hasara yako. Kwa gari lililonunuliwa kwa mkopo au kwa akiba ya miaka, mimi nisingethubutu.

Kwenye matengenezo pia, tofauti ya 2.4 na V6 haiishii kwenye petroli. V6 inameza lita 6 na kidogo za oili, 2.4 lita 4 na kitu. Plagi ni sita badala ya nne, na tatu za nyuma zimejificha chini ya manifoldi ya hewa, inabidi ing'olewe kwanza. Hapo unalipa fundi kuliko plagi zenyewe. 2.4 nayo ina udhaifu wake unaojulikana: baadhi ya injini za 2AZ-FE za miaka ya katikati ya 2000 na baada ya hapo kidogo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, kiasi kwamba Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo. Ukiwa nayo, zoea kuchomoa stiki ya oili kila wiki mbili. Na gia boksi ya 2.4 kizazi hiki ni CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Inataka oili yake ya CVT, si ile nyekundu ya kawaida inayouzwa kila duka. Nafuu ya oili hapo imewagharimu watu gia boksi nzima.

Jambo moja zaidi ambalo watu wamelisahau. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari mwaka 2017, na serikali ikaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Watu wengi walishangilia kwamba "road license imekufa". Imehamia kwenye pampu. Anayechoma lita 2,000 kwa mwaka analipa shilingi 80,000 ya kile kifungu kidogo kidogo bila kuona risiti, na anayechoma lita 700 analipa 28,000.

Baada ya yote haya, je, gari kubwa ni ufujaji? Inategemea viti. Desemba, familia ya watu saba inakwenda Moshi, kilomita kama 560 kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Alphard ya 2.4 kwa 10 kwa lita inatumia lita 56, shilingi 168,000. Ni shilingi 24,000 kwa kila mtu. Ndugu zao wenye IST wanahitaji magari mawili. Kila moja likienda 14 kwa lita ni lita 80 kwa yote mawili, shilingi 240,000, na madereva wawili wa kuchoka badala ya mmoja. Siku hiyo, gari kubwa ndilo linalokula kidogo. Januari ikifika, Alphard hiyo hiyo inambeba mtu mmoja kutoka Tegeta hadi Posta kwa 5 kwa lita, viti sita vitupu nyuma yake, shilingi 600 za petroli kwa kila kilomita juu ya kichwa kimoja.

Kwa hiyo kabla hujaliuza kwa hasara kwa sababu ya maneno ya grupu, lipime. Jaza hadi pampu ijikate yenyewe, usiongeze. Andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako, usijifanye mwanafunzi wa udereva. Mafuta yakikaribia kuisha rudi kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza tena hadi ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizotia. Kama umebadilisha matairi ukaweka makubwa kuliko yaliyokuja na gari, jua kwamba kilomita zinasomeka pungufu na ulaji utaonekana mbaya kuliko ulivyo. Rudia mara tatu, maana tangi moja linaweza kudanganya. Andika pembeni kila tangi lilikuwa la kazi gani: foleni, shule, au safari. Na siku ukiulizwa tena sheli inakula ngapi, muulize kwanza anayeuliza anaishi wapi, anafika kazini saa ngapi, na huwa wanapanda wangapi.